Mi sikusema neno, ni panya

Leo nataka kuandika kitu ambacho nimekizunguka kama miezi mitatu hivi, nafungua simu naandika mistari miwili nafuta, kwa sababu ukianza tu kuongea mambo ya ukweli na uongo na Biblia watu wanadhani unataka kuwahubiria na mi sio pasta, mi nauza maharage na mahindi hapa Busia upande wetu wa Uganda, na kama umewahi kununua maharage Busia miaka ya nyuma kuna uwezekano mkubwa nilikuibia. Samahani. Tuendelee.

Sikukuibia kwa mdomo lakini. Hapo ndipo penyewe. Mdomo wangu ulikuwa msafi kabisa, bei nikisema ni hii ni hii, chenji narudisha mpaka mia ya mwisho, mtoto ukimtuma kwangu na noti kubwa anarudi na hela zako zote. Shida ilikuwa mikebe. Nilikuwa na mikebe miwili, ile ya gorogoro ya kupimia nafaka, kwa macho inafanana kama mapacha. Mmoja nilipeleka kwa fundi wa mabati akauongezea mdomo kidogo, kama kidole kimoja hivi, akalainisha vizuri na rangi juu, huo ni wa kununulia kwa wakulima. Wa pili akaugonga kitako kutoka chini kwa nyundo kikapanda juu kwa ndani, huo wa kuuzia. Kwa mkulima unajaza mpaka juu inakuwa mlima, ukimimina mengine yanadondoka kwenye turubai lako na yakishadondoka ni yako. Kwa kastoma unapitisha kiganja juu, shwaa, sawasawa, alafu unamrushia punje tano sita za nyongeza na anaondoka anakuombea baraka. Hizo punje za nyongeza ndio zilikuwa uongo mkubwa kuliko zote na mi nilikuwa naziona ni ukarimu.

Na sikuwa peke yangu, naomba tusijifanye. Ukiwa mgeni kwenye biashara ya nafaka hilo ndilo somo la kwanza unafundishwa, hata haliitwi wizi, linaitwa kujua kazi.

Sasa kanisani kwetu kuna ibada ya Kiswahili, maana mji huu ni mchanganyiko, Wasamia, Wateso, Wasoga, Wakenya, madereva wa malori, huwezi kuwakalisha pamoja bila Kiswahili. (Wenzetu wa Kampala wanasema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, ukiongea Kiswahili kwenye teksi kule mtu anavuta mkoba wake karibu. Nilikuwa nakasirika sana na hiyo dhana, alafu nikikumbuka mikebe yangu nanyamaza.) Jumapili moja yule aliyekuwa anasoma neno akafungua Amosi sura ya 8. Mi nilikuwa nimekaa pale lakini akili iko barabarani, kuna lori la mahindi lilikuwa linakuja na dereva hashiki simu, nikawa naomba Mungu ibada iishe. Na ndipo nikasikia yanasomwa maneno ya wafanyabiashara wa Israeli wakiulizana mwezi mpya utaisha lini tuuze nafaka, na sabato nayo itaisha lini tufungue ngano, tuipunguze efa, yaani kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, jiwe la kupimia pesa, tudanganye kwa mizani ya udanganyifu. Nikashtuka. Hawa watu wamekaa ibadani wanawaza lori! Miaka karibu elfu mbili na mia nane iliyopita, na mtu ameandika kilichoko kichwani mwangu saa nne na nusu asubuhi.

Amosi mwenyewe hakuwa mtumishi mkubwa, alikuwa mfugaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, mtu wa shamba. Nadhani ndio maana alijua. Aliyepimiwa ndiye anayejua mkebe ulivyo, sio anayepima.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kutafuta. Nilikuwa nafikiri kwenye Biblia uongo ni ile amri ya tisa basi, usimshuhudie jirani yako uongo, na hiyo ukiisoma vizuri inaongelea zaidi ushahidi, mbele ya wazee, mbele ya hakimu, ndio maana Kumbukumbu la Torati 19 inasema shahidi wa uongo atendewe kile alichotaka mwenzake atendewe. Sasa mi sijawahi kusimama mahakamani. Nilijiona niko salama. Kumbe ukiendelea mpaka sura ya 25 unakutana na hii: usiwe na mawe ya kupimia mbalimbali katika mfuko wako, kubwa na dogo. Kwa Kiebrania wanasema ni kama jiwe na jiwe, efa na efa. Mkebe na mkebe. Hakuna hata neno linaloongelea ulimi pale. Haisemi usiseme uongo kuhusu mawe yako. Inasema usiwe nayo mfukoni, na mstari unaofuata unasema wala vipimo viwili usiwe navyo nyumbani.

Na sio hapo tu. Walawi 19 ipo, Mithali 11 inaanza nayo kabisa, mizani ya hadaa ni chukizo, Mithali 20 inarudia mara mbili ndani ya sura moja, Mika 6 anauliza je nitakuwa safi nikiwa na mizani ya udanganyifu. Watu wa wakati ule walipima pesa kwa mawe kabla ya sarafu kuenea, shekeli moja ilikuwa kama gramu 11, yaani uzito wa betri moja nyembamba ya rimoti, ukikwangua kidogo nani ataona? Na efa ilikuwa kama lita 22, chukua jerikeni yetu ya maji ya lita 20 ongeza chupa kubwa moja. Mi nilivyoelewa hivo vipimo ndio nikaacha kuisoma kama stori za watu wa zamani wenye kanzu, nikaanza kuisoma kama mtu anaongea juu ya meza yangu sokoni.

Alafu kuna Mithali 20:17, hiyo niliiandika kwenye kikaratasi nikakibandika ndani ya mlango wa stoo: mkate wa uongo ni mtamu kwa mtu, lakini halafu kinywa chake kitajaa changarawe. Changarawe! Mtu anayechambua maharage kila siku usimwambie habari ya changarawe, anajua sauti yake kwenye jino.

Kwa haki niseme pia, sura hiyo hiyo inamgusa kastoma, mstari wa 14, yule mnunuzi anayesema haifai haifai, akiondoka anaenda kujisifu. Wateja wangu mnajijua. Unashika maharage mazuri kabisa unakunja uso, haya ni ya mwaka juzi, yana wadudu, upande wa Kenya ni nusu bei, na ukifika kwa jirani unamwambia leo nimeokota. Biblia imewaona.

Lakini nirudi kwa mtu mmoja, ndiye amenifanya niandike.

Kuna mama mmoja mzee, wa vijiji vya huku ndani, msimu mmoja alikuja na maharage yake ya nambale, gunia limefungwa kwa kamba ya ndizi, kaletwa na boda. Nikamsalimia kwa magoti kama inavyotakiwa, nikampa kiti, nikamwuliza habari za watoto. Akaniambia, mwanangu, ni mikebe ishirini, nimepima mwenyewe jana jioni. Nikachukua mkebe wangu wa kununulia nikaanza, mlima juu ya mlima, yule mama anahesabu kwa midomo bila sauti. Ikaisha kumi na saba. Gunia tupu. Akalichungulia ndani, akalikung'uta, zikatoka punje mbili na vumbi. Akanyamaza. Mi pia nimenyamaza. Alafu akasema taratibu, kama anajilaumu, basi labda ni panya.

Mi sikusema neno. Nikamhesabia pesa za mikebe kumi na saba, kamili, nikamwongezea na sabuni nusu mche.

Msimu uliofuata akaja tena, akapungukiwa miwili. Panya hawa, akasema. Baada ya hapo hakuja.

Unajua kwa miaka nilijitetea vipi? Nilijiambia sikumdanganya, ni yeye mwenyewe aliyesema panya. Na ningeendelea hivyo mpaka kaburini kama sio ile stori ya Yusufu, Mwanzo 37, ambayo nimeifundisha watoto wa shule ya Jumapili mara sijui ngapi. Nenda kaisome polepole. Wale kaka zake wamemuuza, wamechinja mbuzi wamechovya kanzu kwenye damu, wanampelekea mzee Yakobo, na mi siku zote nilikuwa nawaambia watoto kwamba walimdanganya baba yao Yusufu ameliwa na mnyama. Hawakusema! Hawakusema hata kidogo. Walisema tumeiona hii, hebu itambue kama ni kanzu ya mwanao au siyo. Basi. Swali tu tena la heshima. Aliyesema mnyama mkali amemla ni Yakobo mwenyewe, kwa mdomo wake, na wao wakakaa kimya, na baadaye wakaja hata kumfariji, wana wote na binti, wamekaa naye wanamfariji kwa msiba waliompikia wao.

Nilifunga Biblia nikatoka nje nikaenda kusimama karibu na tenki la maji. Labda ni panya. Sauti ile ile.

Na Yakobo naye, maskini, alikuwa anapokea mkebe wake mwenyewe. Si alimdanganya baba yake Isaka kwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili aonekane ni Esau mwenye manyoya, huyo yeye alisema uongo wa mdomo kabisa, mimi ni Esau mzaliwa wako wa kwanza. Akaenda kwa mjomba Labani akafanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, asubuhi anaamka kumbe ni Lea, na anauliza kwa uchungu kabisa kwa nini umenidanganya, na wewe msomaji unatamani kumjibu. Alafu uzeeni mbuzi anarudi tena, safari hii ni damu yake kwenye kanzu. Sisemi Mungu alimlipizia, maandiko hayasemi hivyo na mi sitasema. Nasema tu mbuzi yupo mara zote mbili.

Ukishaanza kuona uongo wa kimya unaukuta kila mahali mule. Abrahamu alisema Sara ni dada yangu, na ukifika Mwanzo 20 anajitetea kwa mfalme Abimeleki kwamba ni kweli ni dada yangu, baba mmoja mama tofauti. Yaani alitumia ukweli kudanganya! Huo ni ufundi wa hali ya juu, hata mabroka wa hapa kwetu wangemvulia kofia. Anania wa Matendo 5 nae, watu wanadhani alikufa kwa sababu hakutoa pesa yote ya shamba, hapana, Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lako na hata baada ya kuuza pesa ilikuwa chini ya mamlaka yako. Angeweka nusu mbele ya mitume akasema hii ni nusu, angerudi nyumbani akala chakula cha jioni. Maandiko hayamnukuu Anania akisema neno hata moja, anaweka tu pesa miguuni. Mkewe Safira ndiye alikuja masaa matatu baadaye akaulizwa bei akajibu kwa mdomo. Wote wawili wakatolewa nje na vijana wale wale.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye kichwa chake, na Rahabu je? Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani akawaambia watu wa mfalme wameshaondoka, na anasifiwa mpaka kwenye Waebrania. Na wale wakunga wa Misri, Shifra na Pua, walimwambia Farao wanawake wa Kiebrania wanazaa haraka kabla hatujafika, na imeandikwa Mungu akawatendea mema. Hilo ni kweli na mi siwezi kulinyoosha likae sawa na mengine, walimu wakubwa wa kanisa wamebishana juu yake karne nyingi, Agostino alisema uongo ni dhambi hata hapo, wengine wakaona amekaza mno. Wazee waliopitia miaka ya Amin hawabishani sana juu ya Rahabu, wanatikisa kichwa tu kwa sababu wengine wao wako hai kwa uongo wa jirani. Ila nimegundua kitu kimoja, kila mara nikisikia mtu anajitetea kwa Rahabu sokoni kwetu, hana mtu yeyote amemficha darini. Ameficha risiti.

Mwezi wa tatu 2021 sote tulikula changarawe. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi yasiyokauka vizuri, malori yakasimama Busia na Malaba, watu wamelala chini ya matrela. Siku chache baadaye wakalegeza wakaweka masharti ya vyeti na usajili, lakini ile hofu ilibaki. Tulilalamika sana, oo siasa, oo wanalinda wakulima wao, na pengine siasa ilikuwepo. Lakini kati yetu tuliokaa pale kwenye vibanda hakuna aliyekuwa hajui mchezo wa kuchukua magunia mabichi ya katikati ya mvua unayachanganya na makavu, kijana akichoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kupima unamwelekeza pembeni penye makavu. Amosi anaita hiyo kuuza takataka za ngano. Mkulima wa kijijini aliyeanika mahindi yake kwenye turubai wiki mbili, akayaanua kila wingu likitanda, na yeye akakosa soko pamoja na sisi. Huyo hajawahi kupewa pole na mtu.

Jaja yangu wa kiume, yaani babu, alikuwa mulokole wa zamani, mlokole, wale wa uamsho ulioingia Uganda na Rwanda miaka ya 1930, watu wa kutembea nuruni kama wanavyosema kutoka 1 Yohana. Wale watu walikuwa wanachosha, nawaambia ukweli, wanasimama mbele ya kila mtu wanatubu mpaka vitu ambavyo hukutaka kuvisikia. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo siku hizi tumelifuta kimya kimya, walirudisha. Ukiokoka ulikuwa unarudisha. Jaja alitembea nusu siku kumrudishia mtu jembe ambalo mwenyewe alishalisahau. Sisi siku hizi tunatubu kwa Mungu peke yake, bei nafuu, mwenye jembe hapati kitu. Zakayo aliposhuka kwenye ule mkuyu hakusema Bwana nisamehe, ukiangalia Luka 19 neno hilo halimo, alisema nikiwa nimenyang'anya mtu namrudishia mara nne. Mara nne ndio sheria ya Kutoka 22 kwa mwizi wa kondoo, na mwizi wa ng'ombe mara tano. Zakayo alijihukumu kama mwizi wa kondoo bila mtu kumshtaki.

Kwa hiyo nikapiga hesabu. Mitatu na miwili, mitano. Mara nne, ishirini. Ishirini ile ile aliyonitajia siku ya kwanza, nikaona kama mtu ananichokoza.

Wengine wote niliowapimia siwezi kuwapata, hata majina siyajui, na hilo linabaki hapo lilipo. Ile mikebe miwili nilimpelekea fundi yule yule aikate, akacheka sana, akasema sasa utakula nini. Nikanunua mizani, nikaipeleka ikapimwa ikabandikwa stika ya watu wa viwango, na ni kweli faida imeshuka, sitaki kuwaambia stori ya baraka zilimiminika, kuna miezi nimelipa kodi ya kibanda kwa kukopa. Wanunuzi wengine wananikimbia kwa sababu bei yangu kwa kilo inaonekana kubwa kuliko ya jirani kwa mkebe.

Mwezi uliopita ndio nikapata ujasiri. Nikapima kilo arobaini za nambale, safi, nimechambua mwenyewe usiku, nikakodi boda, nikaulizia ulizia mpaka kwake. Nilimkuta amekaa nje chini ya mwembe anamenya mihogo. Nikamsalimia mulembe, nikapiga magoti, akanitambua mara moja, akafurahi, akaita mjukuu alete chai. Na pembeni kwenye mlango wa ghala lake dogo la udongo amelala paka mkubwa wa manjano, mnene, hana habari na dunia. Akaona namtazama. Akaniambia huyu nilimnunua kwa sababu ya wale panya, unakumbuka? Walikuwa wananimaliza. Tangu aje kwa kweli wametulia.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nikasema tu, mama, hakukuwa na panya.

Hakujibu. Nikamweleza, mdomo wa mkebe, fundi, mlima, kila kitu, nikiwa bado kwenye magoti na yule kijana wa boda anasikiliza huku anajifanya anafuta pikipiki. Mama akamaliza kumenya muhogo ulioko mkononi. Akainuka kwa kujishika mgongo, akaingia ndani akatoka na mkebe wake, wa zamani, una kutu ukingoni, akakaa mbele ya gunia langu akalifungua. Akaanza kupima. Anajaza, anapitisha kiganja, anamwaga kwenye ungo, na safari hii anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba akasimama, akaniangalia. Mi nikaangalia paka.

Kumi na nane, akasema.